Safari ya Geita na Vumbi Letu

Tulikuwa wanawake 14 wa kanisa kutoka Shinyanga mjini, tukienda Geita kwenye semina ya akina mama wenzetu. Tulikubaliana kuondoka saa 12 asubuhi. Tuliondoka saa 2, kwa sababu ambazo kila mama anazijua.

Basi tangu Tinde tulikuwa tukimhimiza dereva. "Baba, kanyaga mafuta, tutawakuta wenzetu wamekwisha kula!" Tukacheka, tukaanzisha pambio. Nje mashamba ya mpunga na pamba yalipita mbio, na makundi ya ng'ombe, na baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa. Isaka, penye bandari kavu ya reli, tulianza kupishana na malori marefu ya mizigo ya Rwanda na Burundi.

Mbele yake ni Mwakata. Hapo pambio lilikatika lenyewe. Ni katika kijiji hicho, usiku wa tarehe 8 Agosti, 2022, ambapo lori, Hiace, gari dogo na trekta viligongana, wakafa watu wapatao 20. Tulikaa kimya, mmoja wetu akaomba. Lakini tulipoiacha Kahama na kushika njia ya Kakola, tulikuwa tumekwisha sahau. "Kanyaga, baba, saa zinakwenda!"

Tulipoupita mgodi wa Bulyanhulu, tairi lilipata pancha kwenye kijiji kimoja kando ya barabara ya vumbi. Akina mama waliokuwa wakiuza michembe walitukaribisha kivulini. "Mwangaluka, mayu," wakatupa maji ya kunywa. Walipojua kwamba baadhi yetu ni wauguzi, walituletea binti wa miaka 9 anayechechemea. Aligongwa akitoka shule. Gari la kwanza lilipita likaacha vumbi. Mtoto akavuka ndani ya vumbi lile, asilione gari la pili. Mfupa wa paja uliunga, lakini mguu ukabaki mfupi.

"Hatuyakatai magari," alisema mama yake. "Ndiyo yanayonunua michembe yetu. Tunaomba tu yapite taratibu." Walikuwa wamepeleka barua kwenye ofisi moja kuomba matuta, wakajibiwa kwamba barabara si yake. Vijana wakapanga mawe njiani. Yakaondolewa siku hiyo hiyo.

Kisha bibi mmoja akatutazama, akauliza kwa upole: "Na ninyi, mayu, mmeingia hapa kwa mwendo gani? Mbona mmekuja na vumbi jingi hivyo?"

Hatukuwa na jibu.

Akina mama, tufanye hesabu ndogo. Dereva akishtuka, hupita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari la mwendo wa kilometa 80 kwa saa husogea mita 22, la 50 husogea mita 14, na la 30 mita 8. Ndipo breki zinaanza kushika. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 iliweka kikomo cha 50 kwenye makazi ya watu, na Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale watoto na magari wanapochangia njia.

Kijiji chenu kikitaka matuta, kwanza ulizeni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Za wilaya na vijijini ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Ombi lipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe katika muhtasari, kisha diwani alifikishe mbele. Msijenge tuta wenyewe usiku: tuta lisilo na kibao ni mtego kwa mwenye pikipiki. Na msikate tamaa. Dar es Salaam, shirika la Amend limeweka matuta, vivuko na njia za miguu kando ya shule za msingi, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross.

Lakini kuna jambo lisilohitaji barua. Tunampenda yule Msamaria aliyemfunga majeraha mtu aliyeumizwa njiani. Sisi tulikuwa ndani ya gari, tukiimba, na tulikuwa tukielekea kuwa wenye kuumiza. Kila mmoja wetu anataka magari yapunguze mwendo mbele ya nyumba yake. Nyumba ya mwenzake je?

Wakati wa kurudi tulimwambia dereva mapema: "Baba, kila penye nyumba, pole pole. Kuna watoto." Alitabasamu, akasema hajawahi kuombwa hivyo na abiria. Tulifika Shinyanga jua limekwisha zama, na waume zetu walilalamika kidogo.

Pale kijijini, binti yule alikuwa kando ya barabara. Alitupungia mkono. Safari hii hapakuwa na vumbi kati yetu, na uso wake tuliuona.