Nilivyotoa gia 14 kwenye baiskeli yangu ili nipande Uluguru

Leo mastaa nawaweka kando kidogo, niwape kisa cha goti langu.

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba hapa Morogoro, gia 21, tatu mbele saba nyuma. Iliyoniua ni hiyo 21. Kuna kaka mmoja kwenye kundi letu la Jumapili, jina nalihifadhi maana wengi mnamfuata Insta, alinihakikishia kuwa gia zikiwa nyingi ndiyo baiskeli ya mlimani. Nikaamini, si ana wafuasi!

Jumapili ya kwanza tukapanda njia ya Morningside, kule kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Wanaoijua wanaijua: mawe, vumbi, na mwinuko usiokupa nafasi ya kupumua. Nikataka kuweka gia nyepesi ya mbele, cheni ikagoma kwenye sproketi kubwa ya meno 42. Nyuma nilishafika mwisho, meno 28. Piga hesabu: 42 gawa kwa 28 ni moja na nusu. Pedeli ikizunguka mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara moja na nusu. Tambarare hiyo ni tamu. Mlimani ni goti lako ndilo linalolipa. Nikaona aibu kushuka kusukuma mbele ya watu, nikasimama juu ya pedeli nikalazimisha.

Jumatatu goti limevimba. Mimi ni kinyozi jamani, kazi yangu ni kusimama kutwa, na bosi halipi siku usiyonyoa. Siku tatu nilikuwa kitandani. Kodi ya mwezi ule nililipa kwa kukopa.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee. Baada ya shikamoo akaizungusha pedeli, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hizi 21 unatumia ngapi?" Nikakosa jibu. Kumbe nyingi zinajirudia tu, unahamisha huku na huku uzito ni ule ule. Akang'oa vya mbele vyote: waya, kile kidude cha kuhamisha cheni, na sproketi zote tatu. Akafunga moja tu ya meno 28. Nyuma akabaki na gia saba, ila kubwa yake sasa ina meno 34. Kidude cha nyuma nacho akabadilisha, cha zamani kilikuwa hakifiki huko.

Sasa 28 gawa kwa 34 haifiki hata moja. Zamani mzunguko mmoja ulinidai karibu mita tatu za mlima, leo ni kama mita 1.7. Naenda kama kinyonga, lakini naenda nimekaa.

Siwadanganyi, kuna mahali inauma. Nikishuka mjini, gia yangu nzito kuliko zote ikifika kilomita 20 kwa saa, miguu inakwenda kama cherehani. Muuza maziwa ananipita na madumu yake, tena anapiga kengele. Na kwenye mashimo cheni imeshanidondoka mara mbili.

Jumapili iliyopita nikamkuta yule kaka kwenye kona, anasukuma. Akasema tairi limepungua upepo. Nikaliangalia, limejaa vizuri tu. Nikamsalimia nikapita polepole, maana hata ningetaka kupita kwa mbwembwe baiskeli yenyewe haiwezi.

Haya mdau, wewe mbele una meno mangapi? Nauliza ya baiskeli.