Ikiwa na La Sivyo

Msomaji wangu, lugha yetu ina silabi ndogo yenye kazi kubwa. Tusemapo, "Mvua ikinyesha tutapanda," ile "ki" hubeba sharti, na jembe huningoja sharti hilo litimie. Kompyuta nayo huongozwa vivyo hivyo. Huulizwa jambo ambalo jibu lake ni kweli au si kweli. Likiwa kweli hufuata njia moja, lisipokuwa kweli hufuata nyingine. George Boole, Mwingereza aliyepata kuwa mwalimu wa shule, alieleza hesabu ya majibu hayo mawili katika kitabu alichokitoa mwaka 1854, zamani kabla ya kompyuta za umeme.

Watu wengi husema kwamba mashine huamua. Mimi, mwalimu nipangaye alama kwa programu kila muhula, sikubaliani nao. Tuseme alama ya kufaulu ni 40. Mtu akiandika, "Ikiwa alama zimezidi 40, amefaulu, la sivyo, ameshindwa," mtoto mwenye 40 kamili atahesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Angaliandika, "Ikiwa alama ni 40 au zaidi," mtoto yule yule, kwa karatasi ile ile, angalifaulu. Mashine haikumchukia wala haikumhurumia, ilitii. Aliyeamua ni mtu, naye aliamua siku ile alipochagua neno, pengine kabla mtoto hajaketi mtihanini.

Tazama pia mwaka mrefu, wenye siku 366. Katika kalenda tuitumiayo, mwaka ugawanyikao kwa 4 ni mrefu; lakini ugawanyikao kwa 100 si mrefu, ila ukigawanyika kwa 400 pia. Ndiyo sababu mwaka 1900 ulikuwa na siku 365, na mwaka 2000 siku 366. Programu iulizayo juu ya 4 peke yake itajibu sawa tangu 1901 hadi 2099, kisha itakosa siku moja mwaka 2100.

Kwa hiyo huwaagiza wanafunzi wangu waijaribu kila programu kwa 39, kwa 40 na kwa 41. Wa katikati wa kundi hawapotei upesi. Apoteaye ni asimamaye mpakani. Nawe, siku utakapopewa kazi ya kuandika sharti, mtafute huyo kwanza, ujiulize kama neno lako limemtendea haki.