Ncha ya Waya

Waswahili wa zamani hawakutosheka na neno moja la waya. Ule mnene wa shaba waliuita masango. Ule mwembamba wa mapambo ya mikono na miguu waliuita nyerere, neno lisilo na undugu na jina la Mwalimu, ambalo asili yake ni Kizanaki.

Masango yaliteremshwa majahazini Unguja na Bagamoyo, yakabebwa mabegani mwa wapagazi hadi Unyanyembe, palipo Tabora leo, na kutoka hapo kaskazini kwenye nchi za maziwa. John Hanning Speke alipopita Usui mwaka 1861, katika pande za Ngara na Biharamulo za sasa, mfalme Suwarora alimtoza hongo ya nguo na ya waya. Waya ulikuwa mali kwanza, kisha ukawa pambo.

Aketiye uani kwake Nyakisasa leo kutengeneza hereni hahitaji msafara. Kipande cha waya kilichobaki baada ya nyumba kutiwa umeme chamtosha. Huchuna ganda la plastiki, na shaba nyekundu ikatoka iking'aa. Huikata vipande viwili sawasawa, maana masikio ni mawili na jicho hukamata tofauti upesi. Huizungusha juu ya kalamu ipate duara, hukunja kulabu, kisha huigonga taratibu kwa nyundo juu ya chuma bapa. Shaba iliyogongwa hukakamaa, na kulabu haikunjuki inapovaliwa. Ikigongwa kupita kiasi hukatika. Dawa yake ni kuilainisha kwa moto kabla haijafika huko.

Hapo hereni imekwisha kupendeza, na wengi huishia hapo. Lakini koleo likatapo waya huacha ncha kali kama jino la panya, na ncha hiyo ndiyo itakayopita katika ndewe. Basi fundi mwema huchukua tupa akaizungushia ncha mpaka iwe mviringo, akafuatisha msasa laini, kisha akaiburura juu ya kanga. Ikinasa uzi, bado. Mwisho huisugua kwa ndimu na chumvi, akaisuuza na kuikausha vizuri. Shaba ikikutana na jasho huweza kuacha kijani katika ngozi, na nikeli ya kulabu za bei rahisi huwawasha wengi. Kwa hiyo mwenye uwezo hutia kulabu ya fedha.

Mtunzi wa mashairi anaijua kazi hii. Ubeti uliotimiza vina na mizani huweza bado kuwa na neno moja linalokwaruza sikio, na wa kulikwangua ni yeye mwenyewe, kabla haujatoka mkononi mwake.

Mnunuzi sokoni huchagua umbo na mng'aro. Ncha haichunguzi. Atakayeijua ni msichana aliyetogwa masikio juzi, usiku, akigeuka juu ya mto wake.