Petroli ya Kijana Iko Juu ya Nani?

Mas-ala ya gari la kijana, yaani ni nani apaswaye kulitilia petroli, kulilipia bima, kulibadilishia mipira na kulikomboa katika faini zake, hayakuwa mas-ala hata kidogo katika nyumba zetu za Maskati kwa miaka mingi, wala simkumbuki mzee yeyote aliyewahi kuyafanya maneno ya barazani. Lakini tangu mwaka 2016 ni nadra kwangu kuingia nyumba yenye kijana wa miaka 18 au 19 nisiyakute yamekwisha nitangulia, baba akisema lake, mama lake, na kijana mwenyewe amenyamaza akiwasubiri wakubwa wamalize. Kwa kuwa Mwenyezi Mungu amenijaalia umri wa kuyaona mambo haya yalivyokuwa na yalivyogeuka, naona ni wajibu wangu kuyaeleza, na rai yangu kuitoa bila ya kuificha.

Mimi nilikulia Unguja, na chombo cha kijana wa zama zile kilikuwa baiskeli. Marehemu baba aliponinunulia ya kwanza, nami ni mwanafunzi wa sekondari, hakunikabidhi mpaka kwanza alipokwisha nikalisha kitako na kunigawia gharama zake kwa insafu kubwa. "Mwanangu," alisema, "breki na taa ni juu yangu, kwa sababu hizo ndizo zitakazokurejesha kwa mama yako salama, ama mpira ukitoboka ni juu yako, kwani njia ya kupita unaichagua mwenyewe." Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Viraka na gundi nilivinunua kwa ujira wa kuchuma karafuu, shule zilipofungwa na msimu ukasadifu, nikaenda shamba kwa jamaa zetu tukachuma na kulipwa kwa pishi. Na taa ilipoharibika baba hakuchelewa hata siku moja kuipeleka kwa fundi, akijua kwamba askari hana msamaha kwa mwenye kupanda baiskeli gizani, na kwamba shimo la barabarani halina msamaha zaidi. Kugawana gharama kwa namna hii hakukuwa mila ya baba peke yake. Wengi wa rika langu walilelewa hivyo.

Nilihamia Oman katika miaka ya 1970, pamoja na wengi wa asili yetu walioitika mwito wa Sultani Qaboos wa kuwataka Waomani walioko ng'ambo warejee kuijenga nchi. Alipotwaa hukumu, Julai 1970, nchi nzima haikuwa na lami ipitayo kilomita 10 hivi, nasi tuliofika miaka michache baadaye tulizikuta barabara zikikatwa katika majabali na kunyooshwa pwani kuelekea Sohar. Nchi ile ni pana, miji yake imetenganishwa na milima na jangwa, jua lake la Juni na Julai halimruhusu mtu kwenda kwa miguu mchana, na reli ya abiria haikuwapo. Kwa hivyo gari, ambalo Unguja lilikuwa la mabwana na matabibu, Maskati likawa ni sharti la maisha, na kijana aliyemaliza sekondari akatimiza umri wa leseni, ambao ni miaka 18, alihesabiwa kuwa amedhulumiwa asipopewa lake.

Ni nani basi aliyekuwa akiligharimia gari lile? Wanangu wa kiume walipoanza kuendesha, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, kijana aliingia kituo cha petroli, akateremsha kioo, akasema "jaza," wala hakushuka. Fedha alipewa na baba, baba akichelewa alipewa na mama, na mama akiwa ameghadhibika alipewa na bibi. Hata mwaka 2015 ulipokuwa ukimalizika petroli bora ilikuwa bado baisa 120 kwa lita, na kwa kuwa riyali moja ni baisa 1,000, tangi la lita 40 halikufika riyali tano. Sisi wazazi tulijiona kuwa ndio tulipao, ilhali mlipaji mkubwa hakuwa akiishi nasi: ilikuwa ni hazina ya dola, iliyowauzia wananchi mafuta kwa bei iliyo chini ya soko la dunia na kuibeba tofauti yake mwaka baada ya mwaka. Ugomvi wa baba na mwana haukuwapo kwa sababu ya mlipaji huyo, wala si kwa sababu ya malezi yetu kuwa mema kuliko ya leo.

Na kitu kisichohesabiwa hutumiwa bila ya hesabu. Vijana walizunguka usiku kucha baina ya mitaa ya Qurum na Shatti, injini zikinguruma mbele ya mikahawa ili kiyoyozi kisizimike, na safari ya kufuata kikombe cha chai ikawa ya nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Sidai kwamba urahisi wa petroli ndio uliowaua watu, kwa kuwa mwendo wa kasi una sababu nyingi. Walakini ni jambo linalojulikana kwamba mwaka 2012 peke yake ajali za barabarani za Oman ziliondoa roho za watu zaidi ya 1,000, katika nchi ambayo watu wake ni wachache, na hakuna mtaa wa Maskati ambao haukuweka matanga ya kijana.

Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yetu, na habari yake sina budi kuieleza kwa sababu ndiyo iliyoijenga rai yangu. Baba yake alikuwa mtu wa msimamo, tafauti na sisi wengine: alimnunulia mwanawe gari, kisha akatangaza kwamba kuanzia siku ile kila kitu ni juu ya kijana, petroli, bima, mafuta ya injini na mipira, ili apate kuijua thamani ya fedha. Watu wengi walimsifu. Kijana yule alikuwa na kazi ndogo na mshahara mdogo, akafanya kama afanyavyo kila kijana mwenye fedha chache, akaipendelea petroli kwa kuwa bila yake gari haliendi, na mipira akainunua iliyokwisha tumika, yenye sura nzuri kwa nje, ambayo umri wake hakuuangalia. Mmoja ulipasuka mchana wa kiangazi katika njia ya Nizwa, lami ikiwa inafuka moto, na gari lilipinduka. Hakufika hospitali.

Mwaka 2016 ndipo mambo yalipogeuka. Bei ya mafuta duniani, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, ilianguka hata ikashuka chini ya dola 30 mwezi wa Januari 2016, na nchi inayoishi kwa kuuza mafuta haikuweza tena kuwagawia watu wake kwa bei ile. Mwezi huohuo petroli bora ilipanda kutoka baisa 120 hadi baisa 160, ikawa bei hupangwa upya kila mwezi. Mwaka 2018 wenye kipato kidogo wakawekewa ruzuku ya lita 200 kwa mwezi kwa baisa 180. Na mwisho wa mwaka 2021 serikali ikaweka kikomo, baisa 229 kwa petroli ya kawaida na baisa 239 kwa iliyo bora. Kijana akaaye Al Khuwair na kusoma chuo kikuu kule Al Khod huenda na kurudi kilomita zipatazo 60 kila siku, na kwa gari la wastani hutumia kiasi cha lita 100 kwa mwezi. Kwa bei ya zamani zilikuwa riyali 12, na kwa kikomo hicho ni karibu riyali 24 bila ya kutaja matembezi yake ya Alhamisi usiku. Nyumba yenye vijana watatu, kila mmoja na gari lake, na ziko nyingi, inaweza kupiga hesabu yake yenyewe.

Mjukuu wangu alipopata leseni, mama yake alitaka alipiwe kila kitu mpaka ahitimu, na baba yake akataka asilipiwe chochote. Kijana akanijia. "Shikamoo, Babu. Sema wewe, watakusikiliza." Nikawaambia kwamba kila kitu kimlindacho mtoto na kuwalinda wenziwe barabarani kilipiwe na mzazi, na kila kitu kimwendeshacho akilipe mwenyewe. Breki, mipira, bima na ukaguzi ni vya baba, na mipira ya gari, kinyume cha ile ya baiskeli yangu, imo katika fungu hili kwa kuwa uzima wa mtu umeitegemea. Petroli na faini ni za kijana, kutoka katika posho yake au katika kazi ya likizo. Safari ya chuo baba amsaidie akiwa ana uwezo, maana wapo wanavyuoni waliosema kwamba mwana aliye katika kutafuta elimu haondokewi na haki ya nafaka, yaani masurufu anayostahiki kwa baba yake. Lakini Qurum usiku wa manane haikuingia katika nafaka kwa mujibu wa mwanachuoni yeyote.

Juu ya faini nasisitiza. Rada za Oman huliandikia gari, haziandiki jina la aliyekamata usukani, na kwa kuwa magari ya vijana aghlabu yako katika majina ya baba zao, deni lote hujitokeza siku ya kuhuisha mulkiya, yaani hati ya usajili wa gari, baba akiwa amesimama dirishani na mulkiya haitoki mpaka alipe. Mzazi alipaye kimya na kurudi nyumbani amemfundisha mwanawe kwamba mwendo wa kasi ni bure. Kijana aliyetimiza miaka 18, ambaye sheria imemkubalia kuendesha, gari na liandikwe kwa jina lake.

Na jambo jingine linaloniuma ni kwamba mabinti tunawatendea tafauti, tukiwalipia mpaka petroli ya mwisho hata wakaolewa hawajui tangi linajazwa kwa kiasi gani. Mjukuu wangu wa kike anaendesha chini ya masharti yaleyale ya kaka yake, wala hajalalamika.

Basi nawaomba akina baba wenzangu, na akina mama kadhalika, kabla ya Juni kuingia muiname mtazame ubavuni mwa kila mpira wa gari la mtoto wenu, mtakuta tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki uliyotengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiwa umepita miaka mitano, badilisheni kwa fedha zenu siku hiyohiyo, hata kama sura yake bado nzuri. Petroli mwachieni mwenyewe.