Neno Nililolifuata Mombasa

Tanga,
Jumapili usiku.

Mdogo wangu,

Mimi mzima, miguu tu ndiyo inauma. Likizo iliyopita ulinicheka mbele ya wajomba: "Dada anasomea Kiswahili chuoni, kwani hakijui?" Siku ile sikuwa na jibu. Nimelipata jana, Mombasa.

Tuko hapa Tanga kwa mafunzo ya vitendo, na jana tulidamka saa kumi alfajiri kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tukagongewa mihuri Horohoro, tukapita Lunga Lunga, saa nne tukawa Likoni. Pale panavukwa kwa kivuko, wenyewe wanakiita feri. Unajua tulivyo: aliyekulia Igoma, jirani na makaburi ya waliozama na MV Bukoba mwaka 1996, hapandi chombo kilichojaa watu bila kutafuta maboya kwa macho. Niliyatafuta. Bahati nzuri ni mwendo wa dakika chache tu.

Ng'ambo, mama mmoja muuza mahamri akaniita, "Ndoo, mwanangu!" Nikageuka kutafuta ndoo, nikidhani nimekaribia kuipiga teke. Kumbe kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njoo ni ndoo. Alicheka mpaka akanipa hamri moja bure. Mbaazi za nazi nililipia.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuona Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene hasa. Ukiingia langoni joto la Mombasa linakatika ghafla. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani wakaisha kwa njaa na maradhi. Hayo mwalimu wako wa historia atakueleza.

Mimi nilifuata neno moja. Uani, juani kabisa, kuna misingi ya kanisa la Wareno, mistari ya mawe tu sasa. Kireno kanisa ni igreja. Litamke polepole, mara tatu. Watu wa pwani walilisikia, likawa gereza, na kwanza boma lenyewe ndilo likaitwa hivyo. Kilwa Kisiwani ngome ya Waomani inaitwa Gereza mpaka leo. Baadaye ngome zikafungiwa watu, jina likafuata wafungwa. Hiyo Fort Jesus yenyewe Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, ndipo ikaja kuwa makumbusho. Kwa hiyo ukisema Butimba kuna gereza, Mreno wa zamani angedhani unamwelekeza kwenye misa. Nilisimama kwenye mawe yale nikacheka peke yangu. Wenzangu wakadhani jua limenipiga.

Na si hilo tu. Meza unayofanyia hesabu ni Kireno. Bendera mnayopandisha shuleni ni Kireno. Karata mnazocheza na wajomba nyuma ya duka, ambazo baba hajui, nazo Kireno. Wareno wenyewe walitolewa kwa vita, maneno yao tumeyaweka ndani tunakula nayo. Ndicho ninachosomea, mdogo wangu: kujua nani alipita nyumbani kwetu akaacha nini.

Sasa nina kazi yako. Kaa na bibi jioni moja, umuulize Wasukuma waliita nini mahali pa kumfungia mtu kabla neno gereza halijafika huko, na meza je, au hawakuwa na haja nayo. Andika kama anavyotamka, usimsahihishe hata kidogo. Nitashuka stendi ya Nyamhongolo mwezi Desemba. Njoo unipokee, na daftari uje nalo.

Ni mimi,
Dada yako.