Zulia lina jina, mkeka je?

Haya wadau, leo siasa tuiweke kando kidogo, tuongelee vitu vya kukalia.

Kuna zulia liko London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Linaitwa zulia la Ardabil. Lilifumwa Uajemi, yaani Iran ya leo, kwa mafundo mamilioni ya sufi, na urefu wake unazidi mita 10. Kinachonivutia zaidi ni kwamba limefumwa na tarehe yake, mwaka 946 wa Hijria (sawa na 1539 au 1540), pamoja na jina: Maqsud wa Kashan. Makumbusho walilinunua mwaka 1893. Zulia jingine la Uajemi liliuzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 33. Ndiyo, milioni 33!

Sina wivu na Waajemi, kazi wameifanya. Ila niliyawaza hayo nikiwa Kisarawe, upande wa Maneromango, nimekaa na bibi mmoja wa Kizaramo anayesuka mikeka.

Sisi wa mjini mkeka tunauona ukiwa tayari. Hatuoni safari ya kwenda bondeni kutafuta mkindu. Makuti machanga yanakatwa, yanaanikwa mpaka yanakuwa meupe, yanachanwa vipande vyembamba, vingine vinachemshwa na rangi. Halafu ndio unasukwa ukili, utepe mrefu unaozungushwa kama kamba. Ukili ukitosha, unashonwa upande kwa upande mpaka mkeka utimie, na maua yote lazima yakutane pale kwenye mshono. Hakuna mchoro wa kuangalizia. Hesabu yote iko kichwani.

Nikamuuliza, "Bibi, wewe unaweka alama gani ili watu wajue ni kazi yako?"

Akacheka. "Alama ya nini, mjukuu wangu? Wenzangu wakiuona tu wanaujua mkono wangu."

Hapo ndipo nilipoduwaa. Kumbe mkeka una sahihi! Tatizo ni kwamba sahihi hiyo inasomeka kijijini tu. Mkeka ukishapandishwa kwenye basi, ukafika Maili Moja pale Kibaha au Kariakoo, unakuwa "mkeka wa ukindu" basi, kama vile umeota shambani. Jina likipotea na bei inapotea. Kiasi alichonitajia bibi kwa kazi ya wiki kadhaa hakifiki hata bei ya viatu vizuri vya mtumba. Mnunuzi anamwambia mbona ya plastiki ni rahisi, na kweli ni rahisi. Wajukuu zake wanasikia, wanapiga hesabu, wanaenda kutafuta kazi nyingine. Siwalaumu.

Najua kuna atakayesema ukindu unaoza, sufi inadumu. Sawa, lakini mazulia mengi ya kale nayo yameoza. Lile la Pazyryk, lenye zaidi ya miaka 2,000, lilipatikana mwaka 1949 kwenye kaburi huko milima ya Altai, Urusi, na lilipona kwa sababu liliganda kwenye barafu. Barafu hiyo Kisarawe hatuna. Kuuliza jina na kuliandika hakuhitaji barafu.

Na tusijidanganye kwamba mkeka ni kitu kidogo kwetu. Msibani tunakaa juu yake. Mwali anafundwa juu yake. Siku hizi vijana wakiweka dau la mpira wanasema wamesuka mkeka, na Rais akitoa orodha ya uteuzi tunaambiana mkeka umetoka. Neno limepanda cheo mpaka Ikulu, aliyelizaa bado anahangaika na nauli ya kwenda sokoni.

Mimi nimeanza na kitu kimoja rahisi. Kila nikinunua mkeka nauliza kasuka nani, wa kijiji gani, mwaka gani, naandika kwenye kitambaa na kukishonea nyuma. Muuzaji mmoja hakujua jibu, akapiga simu kijijini kuuliza. Mteja wa pili akiuliza hivyo hivyo, atapiga tena. Wa kumi akiuliza, atakuwa na majibu tayari, na mwenye jina anaweza kupanga bei.

Haya mwenzangu, huo mkeka ulio kwenu sebuleni, kasuka nani?