Java na kamba ya kuku mgeni

Leo ningependa tuzungumzie lugha ya Java, hasa kwa ninyi mnaoijia mkitoka lugha nyingine kama Python, PHP au JavaScript.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa miaka kadhaa nimewasaidia vijana kujifunza Java, na nimeona kwamba kamba hiyo mara nyingi ni ujuzi waliotoka nao kwingine. Asiyejua programu kabisa huuliza. Mjuzi wa Python haulizi, maana alama anazoziona anazifahamu tayari.

Chukua alama ya ==. Katika Python, ukilinganisha maneno mawili kwa alama hii unauliza kama yaliyomo ni sawa. Katika Java, ukilinganisha obijekti mbili, unauliza kama ni kitu kile kile kimoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Fikiria noti mbili za shilingi mia: thamani ni moja, lakini karatasi ni mbili. Ukitaka kuuliza thamani, Java inataka utumie equals.

Ubaya ni kwamba kosa hili hujificha. Kijana mmoja ninayemfundisha aliandika programu ya hesabu za chama cha akina mama, kila mwanachama akiwa na nambari yake. Aliijaribu kwa nambari 1 hadi 20, ikafanya kazi vizuri. Orodha kamili ilipoingizwa, hadi mwanachama wa 127 mambo yalikuwa shwari, lakini kuanzia wa 128 kila mmoja aliandikwa kuwa hajalipa. Mama mwenye nambari 131 alinyimwa mkopo wa karo ilhali risiti alikuwa nayo mkononi. Kijana akashuku hifadhidata, kisha akashuku kompyuta yenyewe.

Nilipoitazama kazi yake, nambari zote zilikuwa za aina ya Integer, naye alizilinganisha kwa ==. Java inapogeuza int kuwa Integer, huwa na akiba ya obijekti za nambari kuanzia -128 hadi 127, na kila mara hukupa ile ile. Ukipita hapo, kwa kawaida hukutengenezea mpya. Kwa hiyo majaribio yake yalifaulu kwa bahati tu. Tulibadilisha mstari mmoja, tukaweka equals, na orodha ikanyooka. Kumwomba radhi yule mama kulichukua muda zaidi.

Kamba ya pili ni kugawa. Katika PHP au Python 3, 7 / 2 ni 3.5. Katika Java ni 3, kwa sababu int ikigawanywa kwa int jibu huwa int, na sehemu iliyobaki hutupwa kimya kimya. Andika 7 / 2.0 upate unachotaka.

Ya tatu ni ukubwa. Nambari kamili za Python hukua kadiri unavyotaka, lakini int ya Java hukomea 2,147,483,647. Ukihesabu pesa kwa senti, hizo ni shilingi milioni 21 na ushei tu. Ongeza senti moja, na hesabu inageuka kuwa hasi bila onyo lolote. Tumia long.

Ushauri wangu ni huu: usiutupe ujuzi wako wa zamani, ila kila alama unayoifahamu iulize upya maana yake. Ijaribu programu yako kwa nambari kubwa, kwa nambari hasi, na kwa maneno yanayochapwa na mtumiaji mwenyewe. Kompaila ya Java ni kali kuhusu aina, na ukali huo huwafanya wengi waamini kwamba ikishakubali, basi kazi ni sahihi. Kompaila hukagua sarufi. Nani amelipa na nani hajalipa, hilo haijui.

Haya, kazi njema.